King'ora cha nyumba: tuwaachie wazazi vitufe vyao

Mfanyabiashara anayetoka Kariakoo kupitia Rusumo siku hizi hakosi boksi moja au mawili ya ving'ora vya nyumbani katikati ya mzigo wake, na swali analoulizwa na wateja ni lile lile: ile ya tachi ipo? Ya vitufe inaonekana kitu cha kizamani, kama kitochi mkononi mwa mtu aliyevaa suti. Mimi nasema bila kuumauma maneno kwamba kwa nyumba nyingi za kwetu ya vitufe ndiyo ya kununua, na anayeongeza fedha kwa ajili ya kioo ananunua pambo la ukutani.

Tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe. King'ora cha kawaida kina sanduku lenye mitambo na betri, ambalo fundi mzuri hulificha kabatini au darini. Kile kibao cha namba kilicho karibu na mlango ni uso tu; mwizi akikivunja, sanduku linaendelea kupiga kelele. Sasa vile vya tachi vya bei nafuu, vinavyotumia laini ya simu, vingi vimewekwa kila kitu ndani ya kile kioo: laini, betri, akili yote. Mwenye nyumba huwa amepewa kama sekunde 30 tangu afungue mlango hadi aandike namba yake ya siri. Sekunde hizo hizo anazo na mwizi. Akikifikia kioo na nyundo kabla hazijaisha, hakuna simu itakayopigwa kwa mtu yeyote. Si vioo vyote vilivyo hivyo, vipo ambavyo ni uso tu na sanduku liko pembeni, lakini muuzaji asiyeweza kukujibu swali hilo usimpe fedha yako.

Lakini hilo ni suala la ununuzi, na linaweza kurekebishwa. Linaloniumiza zaidi ni la mtumiaji. Katika familia za waliorudi, anayelipa na anayelala ndani mara nyingi si mtu mmoja. Mtoto yuko Montreal au Brussels, au anashinda barabarani kati ya Dar es Salaam na Kigali. Nyumba anaijenga Kirehe au Kicukiro, na ndani yake anamweka mama yake, msichana wa kazi na wajukuu wawili. Anachagua kifaa kwa macho yake mwenyewe, kwa vidole vyake vya ofisini.

Namfahamu bibi mmoja wa Kirehe aliyerudi kutoka Karagwe mwaka 2013. Mwanawe alimfungia king'ora cha kioo, kizuri kweli, kinang'aa. Nilipomtembelea aliniomba nimzimie kabla sijakaa. "Mwanangu," akasema, "kioo hiki hakinitaki." Nikamtazama anavyojaribu. Anagusa, hakuna kitu. Anagusa tena kwa nguvu, namba mbili zinaingia pamoja. Akapangusa kidole kwenye kitenge, akaanza upya, na muda ukamwishia, king'ora kikalia mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Bibi yule hakuwa na kosa lolote. Kioo cha aina ile hutambua jinsi kidole cha binadamu kinavyobadilisha umeme mdogo uliomo katika kioo chenyewe. Ngozi iliyokauka na kuwa na sugu kwa miaka mingi ya jembe haipitishi umeme huo vizuri, na kidole chenye maji nacho hukichanganya kioo. Yaani kifaa kinamkataa mtu kwa sababu amelima na amefua. Kitufe hakiulizi ngozi ya mtu. Isitoshe, kitufe cha 5 kwenye vibao vingi kina kidoti kilichoinuka, kama kwenye simu, ili kidole kijue kilipo bila macho. Usiku umeme umekatika na miwani haijulikani ilipo, kidoti hicho ni mali.

Kuna watakaosema wazee watazoea. Labda. Ila kila kosa wakati wa kuzoea ni king'ora kinacholia bure, na hapo ndipo kuna hasara ambayo mtoto aliye Montreal haioni. Kwetu king'ora hakileti gari la kampuni ya ulinzi. Wachache tu wanaolipia huduma hiyo. Kinaleta majirani na vijana wa irondo. Watakuja mara ya kwanza wakikimbia, mara ya pili wakitembea. Mara ya tano watageuka upande wa pili wa kitanda, na siku mwizi anapokuja kweli mama atakuwa peke yake na kioo chake.

Wala tusidhani shida ya kioo ni ya wazee wa kijijini pekee. Agosti 2017 meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabaharia walichanganyikiwa na usukani wa skrini za kugusa, hawakujua nani anaongoza nini. Mwaka 2019 jeshi lao la majini likatangaza kwamba litarudisha mikono ya kushika na kusukuma katika meli za aina hiyo. Vijana wale walikuwa na macho mazima na mafunzo ya kijeshi. Ikiwa wao katika dakika ya hofu walihitaji kitu cha kushika, sembuse bibi wa miaka 70 anayesikia dirisha likivunjwa?

Wapenzi wa tachi wana hoja moja ya haki nami nitawapa. Vitufe huchakaa. Kibao kikishatumika miaka mitatu bila kubadili namba, vitufe vinne huwa vimefifia, na mwizi mwenye akili akivisoma anabakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu badala ya 10,000. Baadhi ya vioo hubadilisha mahali pa namba kila mara, na hapo alama za vidole hazimsaidii mtu. Lakini si vyote vyenye uwezo huo, na visivyo nao vina alama zao: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipiga picha mafuta ya vidole kwenye simu za kugusa na kuweza kusoma mchoro mzima wa siri katika asilimia 68 ya hali za mwanga na kamera walizojaribu. Tena namba zinazohamahama ndizo zingemmaliza kabisa yule bibi, ambaye namba yake ameishika kwa njia ya mkono na si kwa kichwa. Dawa ya vitufe ni rahisi: badilisha namba kila baada ya miezi michache, ukiweza tumia tarakimu sita. Na kabla fundi hajashuka ngazi mwambie aondoe namba ya kiwandani mbele yako, ile ya mwenye nyumba na ile ya fundi pia, maana zimeandikwa kwenye kijitabu ambacho kila mwenye boksi kama hilo anacho. Mwaka 2012 mtafiti Nick Berry alichambua namba za siri milioni 3.4 zilizovuja na kukuta karibu 11 katika kila 100 ni 1234. Mwizi naye anajua kuhesabu mpaka nne.

Umeme nao tusiusahau. Betri ya akiba iliyozoeleka ni ya volti 12 na ampia-saa 7. Mfumo ukivuta miliampia 100, kwa hesabu ya karatasi utakaa saa 70. Ukivuta 350 kwa sababu kuna skrini inayowaka, ni saa 20. Betri iliyozeeka haifiki hata huko. Tarakimu ya miliampia imeandikwa kwenye kijitabu. Isome kabla ya kusifia rangi za kioo.

Kwa ndugu wanaorudi na makontena kutoka Marekani na Kanada nina neno la haraka. Mifumo ya huko imetengenezewa umeme wa volti 120, na huku tunatumia 230. Ukichomeka transfoma yake ukutani bila kufikiri, itaungua siku ya kwanza. Vingine vimefungwa na kampuni ya huko inayolipwa kila mwezi, na bila malipo hayo kioo kile kinabaki saa ya ukutani.

Na wenzetu wa mpakani wasidanganyane kwamba cheti rahisi cha uasili kitawavusha. Utaratibu ule wa Afrika Mashariki wa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, na king'ora kilichotengenezwa Uchina hakibadiliki uraia kwa kulala usiku mmoja Kariakoo. Kilipiwe ushuru kama inavyotakiwa, ndipo hesabu ya faida ifanywe. Katika hesabu hiyo waweke na vipuri. Kibao cha vitufe kikianza kukwama, fundi wa Nyabugogo anakifungua, anasafisha mpira wa ndani kwa spiriti, jioni kinarudi ukutani. Kioo kikipasuka njiani kwenye buti la basi, mteja hatarudi kwa fundi. Atarudi kwako, na ameshika risiti.