Usimlaumu fundi, weka dayodi

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie betri.

Juzi nilipigiwa simu kutoka Wote. Probox moja ya abiria ilibadilishiwa betri, na kifaa cha kufuatilia gari, ambacho programu yake niliandika mimi, kikafa papo hapo. Fundi aligeuza nyaya, chanya kwenye hasi. Mwenye gari akataka fundi alipe, na kijana mwenyewe ni wa kutafuta riziki ya siku kwa siku.

Mimi nasema kosa ni letu tuliotengeneza kile kifaa.

Betri ya NS60 na NS60L zinafanana, ila teminali zimebadilishana pande. Ukiuziwa isiyo yako, ukafunga kwa mazoea, umekwisha. Ni kweli teminali ya chanya ni nene kidogo, lakini klampu iliyochakaa huingia kokote. Litatokea tena, iwe Wote, Mwingi au Kitui mjini.

Betri ikigeuzwa, dayodi za alteneta hupitisha mkondo kama waya mtupu. Fyuzi kuu ya Probox ilikatika, alteneta ikapona. Kifaa chetu kilikuwa kimeungwa moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake ndogo haikusaidia: chipu iliungua kabla fyuzi haijapata joto la kukatika.

Dawa? Dayodi moja ya 1N4007 kwenye waya wa chanya. Inabeba ampea 1, inazuia hadi volti 1000, na bei yake ni shilingi chache. Inakula kama volti 0.7, ambazo kifaa kidogo hakitazihisi. Kwa mzigo wa ampea 10, hizo ni wati 7 za joto la bure. Hapo tumia mosfeti ya P. Yenye ukinzani wa miliomu 10 itapoteza wati 1 tu.

Chuoni tulifundishwa tusiamini chochote anachoingiza mtumiaji, tukague kwanza. Mbona waya tunauamini? Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2 kina jaribio la kugeuza volti 14 kwa sekunde 60.

Kifaa kipya tumekilipia sisi. Nawe kabla hujanunua chako, muulize muuzaji: betri ikigeuzwa itakuwaje? Akikujibu "usigeuze tu", shika njia uende zako.