Vita ya siku sita: filime ilifika Cannes, wahanga wa Kisangani bado wanahesabu

Mvua kali inapiga mto Kongo. Juu ya balenyeri, ile mashua kubwa ya mbao ambayo kila msafiri wa Tshopo anaijua, watu wanashikilia shitingi kwa mikono ili upepo usiibebe. Maji yanapita, yanaanguka juu ya masufuria, juu ya nguo, juu ya magongo. Kwani kati ya hao wasafiri kuko watu wasiokuwa na mguu, wengine hawana mkono. Wametoka Kisangani, wanaenda Kinshasa, safari ya kilometa karibu 1 700 kwa maji. Wanaenda kuuliza serikali kitu kimoja tu: malipo ya yale yaliyowapata mwezi wa sita wa mwaka 2000.

Hiyo njo «En route pour le milliard», filime ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Ilitoka mwaka 2020. Ilichaguliwa kwenye liste rasmi ya festivali ya Cannes, na ilikuwa mara ya kwanza filime ya Mkongomani kufika pale. Mwaka uleule ikabeba zawadi kubwa ya Njiwa ya Zahabu kule Leipzig, Ujerumani. Magazeti ya Ulaya yaliiandika sana. Kwa nini kuirudilia leo, wakati filime zingine zimeshatoka? Juu ya kesi ya feza. Watu waliokuwa juu ya ile mashua walitafuta malipo wakati malipo hayakuwako. Sasa feza zimeingia nchini, na bado maulizo ni yaleyale: ni nani mhanga, na nani anaweza kuonyesha hivyo?

Kwa vijana waliozaliwa nyuma, tukumbushe kidogo. Tangu tarehe 5 hadi tarehe 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyokuwa yameingia Kongo pamoja kama marafiki, yalipigana wao kwa wao katikati ya mji wa Kisangani. Wakaaji hawakuwa upande wa mtu yeyote. Bombe zilianguka juu ya nyumba, masomo na makanisa. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka 2010, inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, kufuatana na chanzo cha habari, na waliojeruhiwa wanapita 1 000. Angalia vile hesabu ya kwanza iko mbali na ya pili. Kati ya 244 na 760 kuko watu zaidi ya 500 ambao hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama walikufa mu vita ile ao hapana. Hapo njo shida yote inaanzia.

Hamadi hakukutana na wahanga hao kwa ajili ya filime hii. Mbele yake alikuwa ametengeneza «Maman Colonelle», iliyotoka 2017, juu ya kolonel Honorine Munyole, polisi aliyetolewa Bukavu na kutumwa Kisangani kulinda wanawake na watoto. Mu ile filime wahanga wa vita ya siku sita wanatokea mbele ya ofisi ya kolonel: walisikia kuko mama mkubwa anayesikiliza watu, wakaja kumweleza ya kwao. Yeye hakuwa na feza wala mamlaka ya kuwasaidia kwa hayo. Lakini kamera ilikuwa pale. Kwa namna fulani, filime ya pili ilizaliwa kwenye ile veranda.

Njia ya Hamadi ya kufanya kazi inajulikana. Anakamata kamera yeye mwenyewe, anakaa na watu muda mrefu, haweki sauti ya kueleza. Mtazamaji anaona tu. Kuko wenye kulalamika kwamba hivyo mtu asiyejua historia anatoka amelia bila kuelewa nani alipiga nani na juu ya nini. Lawama hiyo ina ukweli. Kwa mwanafunzi wa Kindu ao wa Butembo, filime hii peke yake haitoshi, inafaa mwalimu ao mzazi aongeze maneno. Lakini ile njia ya kunyamaza inaleta kitu kingine: inawaacha wahanga wagombane. Ndiyo, wanagombana. Juu ya nani atasema mbele ya wakubwa, juu ya wanawake wanaowekwa nyuma, juu ya miguu ya bandia mizito inayoumiza. Mu filime nyingi juu ya Congo ya mashariki, mhanga ni mtu wa kulia tu. Hapa ni mtu mwenye hasira, mwenye mzaha, na mara moja moja mwenye kosa.

Kisha kuko teatre. Katikati ya safari, picha inakatika, na tunawaona watu walewale juu ya jukwaa, nyuma yao giza, wakiigiza maisha yao wenyewe. Wanaimba, wanaonyesha vidonda, wanasema yaliyowapata. Hawajifunzi kuwa watu wengine kama waigizaji wa kawaida. Wanajiigiza. Watazamaji wengine wanaona sehemu hizo zinakata mwendo wa safari. Ukweli ni kwamba bila jukwaa lile, filime ingebaki hadithi ya masikini waliofungiwa mlango. Kwani kule Kinshasa milango ilifungwa: mbele ya bunge wanakaa na mabango yao, walinzi wanawasukuma, mji mzima uko na akili kwenye uchaguzi wa mwisho wa 2018. Juu ya jukwaa hakuna mlinzi. Pale wanamaliza sentensi zao.

Kisangani si mgeni kwa mambo hayo. Mchezaji na mtunzi wa dansi Faustin Linyekula alirudi kuweka Studios Kabako pale, na kazi zake nyingi, kama «Sur les traces de Dinozord», zinazunguka mji huo na watu wake waliopotea. Lakini kule ni wasanii wa kazi waliobeba historia. Mu filime ya Hamadi ni wenye kidonda wenyewe.

Sasa turudi kwenye feza, kwani hapo njo filime inakutana na korti.

Kongo ilishitaki Uganda kwenye Korti ya kimataifa ya haki, kule La Haye. Tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 2005 korti ikasema Uganda ina kosa na inapaswa kulipa. Rwanda nayo ilishitakiwa, lakini mwezi wa pili 2006 korti ikasema haina mamlaka ya kuhukumu kesi ile. Kwa hiyo mtu aliyekatwa mguu na bombe ya upande wa Rwanda, na mwenzake aliyekatwa na bombe ya upande wa Uganda, mbele ya sheria hawako sawa, hata kama walilala mu hospitali moja.

Ikapita miaka zaidi ya 16. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 korti ikatoa hesabu: dola milioni 325. Ndani yake milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, milioni 60 kwa mali ya asili iliyoporwa. Kulipa ni mara tano, milioni 65 kila mwaka, tangu mwezi wa tisa 2022 hadi mwezi wa tisa 2026. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola miliari 11.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Wengi Kisangani walisema ni siasa, ni wazungu. Ukisoma hukumu, jibu ni la kuumiza zaidi. Kongo ilisema vifo vya raia ni 180 000, mu eneo lote lililoshikwa na Uganda, pamoja na Ituri. Korti ikajibu kwamba ushahidi hautoshi, yenyewe ikakadiria kati ya 10 000 na 15 000. Fishi za wahanga ambazo serikali yetu ilipeleka, nyingi hazikuwa na karatasi ya kuzithibitisha: hakuna cheti cha kifo, hakuna barua ya daktari, hakuna kitu. Wanasheria walikuja na hesabu, hawakuja na watu.

Na watu walikuwako. Walikuwa juu ya balenyeri.

Hapa inafaa kuwa waangalifu. Filime si dossier ya korti. Jaji wa La Haye hawezi kuhesabu mguu uliokatika kwa kuangalia sinema, na hakuna anayesema hukumu ingebadilika kama Hamadi angetoka mbele. Lakini linganisha kazi mbili. Upande mmoja, serikali yenye wizara, polisi, hospitali na miaka zaidi ya kumi na tano ya kukusanya ushuhuda. Upande mwingine, mtu mmoja na kamera, na kikundi cha wahanga waliochanga makuta ya safari. Ni upande gani leo una majina, nyuso na sauti zilizohifadhiwa vizuri? Mtu akitaka kujua vita ya siku sita ilifanya nini mu mwili wa mama wa Kisangani, ataenda kwenye filime, hataenda wizarani.

Uzembe ule wa kuandika unaendelea kulipwa hadi leo. Feza zilizoanza kutoka Kampala zinapita kwa FRIVAO, kasha maalum lenye makao Kisangani, lililowekwa kwa kugawia wahanga wa Uganda. Tangu kasha lianze kazi, malalamiko juu ya liste hayajaisha: wahanga wa kweli wasioona jina lao, na watu wanaosemwa kuwa wahanga wa uongo. Kisha ikaja kesi ya gereza. Karibu dola milioni 20 zilitolewa kwa kujenga gereza jipya Kisangani, feza zilizosemwa kuwa za wahanga. Tarehe 2 mwezi wa tisa 2025 korti ya Kinshasa, Cour de cassation, ikamhukumu waziri wa sheria wa zamani, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ya nguvu. Yeye alikana kosa tangu mwanzo. Watu waliokaa mbele ya bunge kwenye mvua hawakuwa kwenye ile salle kusema neno.

Mchezo wa kuonyesha filime nao una habari yake. Salle nyingi za sinema za zamani mu miji ya mashariki zimekuwa makanisa ao depo za bidhaa. Filime juu ya Kisangani inaonekana Toronto na Amsterdam mbele ya kuonekana Tshopo, na kisha inapita kutoka telefone hadi telefone, nusu imekatika, bila mtengenezaji kupata franga moja. Na pale ambapo salle iko, inaweza kuja barua ya kukataza: mwezi wa tisa 2015 serikali ilizuia «L'homme qui répare les femmes», filime ya Thierry Michel juu ya daktari Mukwege wa Panzi, kwa kusema inaharibia jeshi jina. Kizuizi kiliondolewa mwezi uliofuata, baada ya kelele nyingi. Wiki zile chache zilionyesha kwamba wakubwa wanajua nguvu ya ushuhuda unaosemwa mu luga ya watu, hata kama mu dossier hawauweki.

Hivi sasa Goma na Bukavu ziko chini ya AFC/M23 tangu mwanzo wa 2025. Wakimbizi, nyumba zilizovunjwa, vijana waliopotea: mambo hayo nayo siku moja yatafika mbele ya korti fulani, na korti ile itauliza karatasi. Mwenye kamera akikamatwa, mwenye kuandika akikimbia, nani anahesabu? Vikundi vya teatre vya mitaa, vyama vya wajane, mapadri na wachungaji wanaoandika mazishi ndani ya kayé, hao njo wanaofanya kazi ile leo, wengi bila kujua kama ni ushahidi.

Kule Kisangani, kila mwaka tarehe 5 mwezi wa sita, wahanga wanakutana kukumbuka wafu wao. Malipo ya tano, kufuatana na hukumu ya La Haye, yamepangwa kwa mwezi wa tisa 2026. Kati ya wale waliosafiri juu ya balenyeri kuko ambao umri umeshakuwa mkubwa, na mguu wa bandia unapaswa kubadilishwa kila miaka michache.