Crown ya hela ya korosho, utaiweza?

   

Leo tuongee magari. Siyo Fuso wala Canter, hizo tuwaachie wazee wa mizigo. Naongelea ule mchuma wa kibosi, siti za kuzama, mlango ukiufunga unasema "bufu" kama wa friji jipya. Toyota Crown, Mark X, Mark II Grande, na kwa wale wenye roho ngumu, Benzi.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Mwezi wa 10 minada ya korosho ikianza, wakulima wa Runali wakianza kuona meseji za benki, mjini watu hawaulizani habari za Simba na Yanga tena. Wanaulizana "Athlete au Royal?" Oktoba 2024, mnada ulipovuka shilingi 4,000 kwa kilo kule Mtwara, ndiyo sikwambii. Vijana ambao mwezi wa 9 walikuwa wanakopa vocha, mwezi wa 11 wanapiga simu Dar kuulizia mchuma mweusi wenye vioo vya giza.

Sasa kuna jambo linawachanganya wengi. Ukienda kwa madalali wa Dar utakuta Crown iliyotembea, injini ya sisi 2,500 au 3,000, inauzwa bei inayokaribiana na kale ka-IST ka sisi 1,300. Kijana anaona kama dalali kachanganyikiwa. "Bosi kwa bei ya mwalimu!" Anatoa hela haraka dalali asije akagundua.

Dalali hajachanganyikiwa, mwanawane. Yule wa kwanza aliyeagiza kutoka Japani ndiye aliyeumia. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi 2,000, wakati ya sisi 1,300 kama ya IST ni asilimia 5, na juu yake tozo ya uchakavu kwa sababu gari lina miaka mingi. Wenzetu Kenya gari likishapita miaka 8 haliingii kabisa. Uganda nao tangu 2018 wamegoma lenye zaidi ya miaka 15. Sisi mlango uko wazi, ila unalipia uzee. Baada ya miaka mitano mjini, mwenye Crown kachoka kituo cha mafuta, anataka IST. Mwenye IST naye hauzi. Ndiyo maana bei zinakutana njiani.

Tuijue kwanza Crown yenyewe. Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1955, na kule kwao ni gari la mameneja, teksi na polisi. Hii wanayoililia vijana wengi ni toleo la mwaka 2003 mpaka 2008, lile waliloliita Zero Crown. Japani gari jipya linakaguliwa likitimiza miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi una gharama. Mzee wa Kijapani akiona gharama zinazidi, analiuza likiwa bado linang'aa. Linang'aa, ndiyo, lakini limetengenezwa kwa lami ya kule na mafuta ya kule. Sisi tunalipeleka Nachingwea.

Hapo sasa ndipo utamu unapoanza.

Injini ya 2,500 ya Crown hiyo, na ya Mark X ya kwanza, ni ile 4GR. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Kwa nguvu na ulaini wa mlio ni babu kubwa. Lakini kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu, hakuna cha kuziosha, masizi yanajijenga pole pole. Gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama, kama mtu mwenye homa. Nyingine zinakula oili bila kutoa hata tone chini, unashangaa inakwenda wapi. Na ile pampu ya presha haipendi uchafu hata kidogo. Sasa wewe unakunywesha mafuta ya kwenye chupa, ya pembeni mwa barabara, kwa sababu sheli iko mbali! Mnakumbuka enzi za kuchakachua, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya? Injini ya kizamani ilikuwa inakohoa, inaendelea. Hii haikohoi. Inawasha taa ya njano kwenye dashibodi na kunyamaza.

Fundi wetu wa chini ya mwembe, namheshimu sana, anajua Fuso kwa kusikiliza tu. Lakini taa ile inataka mashine ya kusoma. Asiyekuwa nayo atabahatisha: leo plagi, kesho koili, keshokutwa "tubadilishe pampu". Na plagi zenyewe ni sita, siyo nne. Oili inaingia zaidi ya lita sita, wakati ka-IST hakafiki lita nne. Hesabu hizo hazimo kwenye bei ya dalali.

Tupige na hesabu ya wese. Kutoka Nachingwea mpaka Dar ni karibu kilomita 600. Crown ukiibembeleza barabara kuu inakupa kilomita 10 kwa lita, hizo ni lita 60. Bei za mafuta EWURA wanazitangaza kila mwezi na zinapanda na kushuka, kwa hiyo chukua 3,000 kwa urahisi wa hesabu. Ni 180,000 kwenda tu. IST yenye kwenda kilomita 15 kwa lita, 120,000. Tofauti ya 60,000 kwa safari moja siyo mbaya kwa anayesafiri Krismasi na Idi. Kinachoua ni ile mizunguko ya mjini: sokoni, stendi, kwa shemeji, kurudi sokoni, kiyoyozi kimewashwa na washikaji wanne ndani wasiochangia hata soda. Hapo lita moja haifiki hata kilomita 8.

Na njia zenyewe? Ukitoka Dar kwa barabara ya Kilwa ni lami, Daraja la Mkapa pale Rufiji tumekuwa nalo tangu 2003, unateleza. Mwezi wa 5 mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga, hata mwenye Land Cruiser akabaki anatazama maji. Lakini siku za kawaida shida yako siyo barabara kuu. Shida ni ukishaiacha lami ukaelekea kijijini, kwenye vumbi jekundu la kiangazi na tope la masika. Crown ikisimama, nafasi kati ya ardhi na tumbo lake haifiki shubiri. Weka watu watano na gunia la mbaazi kwenye buti, uone. Kava la chini ya injini ndilo linaanza kuaga, halafu bushi, halafu boljointi, halafu shokapu.

Wapo wanaoinyanyua kwa kuweka vipande juu ya springi. Samahani kwa watakaonuna, ila Crown iliyonyanyuliwa inafanana na kuku anayevuka maji.

Kwa hiyo kama roho imekwama kwenye Crown, basi angalau chagua Royal, usichukue Athlete. Athlete ina rimu za inchi 18 na tairi jembamba la 225/45, yaani kati ya rimu na jiwe pana ukuta mdogo tu wa mpira. Royal ya 16 inavaa 215/60, tairi lina nyama, na chini imelainishwa kwa ajili ya wazee. Kuuza sura itapungua kidogo. Mgongo utashukuru.

Nachingwea hii, mashine za mitumba hatukuanza jana. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walitafuta matrekta, mapya yakakosekana, wakanunua yaliyobaki vitani, ya jeshi la Marekani kule Filipino. Yalifika yamechoka, spea hakuna, mafundi wachache, ardhi ngumu. Kufikia 1951 mradi ukafungwa. Reli waliyojenga kutoka Mtwara nayo ikang'olewa miaka ya 60. Walikuwa na serikali nzima nyuma yao. Wewe una gunia kumi na tano za korosho.

Nikupe habari ya kijana mmoja wa hapa hapa, jina naliweka kapuni. Shamba ni la ukoo, na mnajua sisi Wamwera neno la mjomba siyo la kupitia dirishani. Msimu ulikuwa mzuri, akaenda kumuaga.

"Mjomba, nimepata gari Dar. Crown."

"Vizuri mpwa wangu. Inabeba gunia ngapi?"

"Aah mjomba, hiyo ni gari ya starehe, haibebi magunia."

Mzee akacheka, akatema tumbaku pembeni. "Basi magunia ndiyo yatakayoibeba. Hela ya palizi na ya kupulizia umeitoa kwanza?"

Kijana akasema ameitoa. Hakuitoa. Athlete nyeusi iliingia mjini mwezi wa 12, na siku Namungo wanacheza nyumbani Ruangwa ilikuwa inapaki mbele kabisa, madirisha chini, muziki juu. Mwezi wa 2 taa ya njano. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi, wa pili akasema pampu. Pampu ikaagizwa Gerezani, ikaja na basi, ikawa siyo yenyewe. Ikarudishwa, ikaja nyingine, ya mtumba, ikatembea wiki mbili. Mwezi wa 5 watu wako shambani, yeye yuko gereji. Mwezi wa 7 wenzake wanapulizia, yeye anatafuta mteja. Msimu uliofuata mikorosho ya upande wake ilikuwa na majani mazuri sana, korosho hamna. Mjomba hakusema neno. Ila shamba la bondeni, ambalo kijana alikuwa amelizoea kama lake, akampa mdogo wake.

Msinielewe vibaya, sisemi watu wa wilaya zetu wasikae kwenye siti nzuri. Hilo neno "wabenzi" walibandikwa wakubwa enzi za Azimio la Arusha, siyo wakulima. Na yupo mwalimu mmoja wa sekondari pale Ruangwa ana Crown ya zamani zaidi, ile GS171, mwaka wa sita huu. Siri yake? Injini ni 1G ya sisi 2,000, ile ile ya Mark II GX110. Petroli inapita kwenye njia ya kawaida, spea zipo mpaka Masasi, na fundi wa mwembeni anaijua. Mkanda wa taimingi aliubadilisha siku aliyoinunua, kabla hata ya kununua redio, maana zile zinataka mkanda mpya kila kilomita 100,000. Kwenye rejeta anaweka kulenti, maji ya kisima hapana. Ea klina anaikung'uta kila Jumamosi kiangazi. Oili ya gia boksi anatafuta ile iliyoandikwa kwenye kitabu, siyo "yoyote nyekundu". Na mvua ikinyesha anapanda bodaboda. Mwendo wake wa kizee, wanafunzi wanamcheka, lakini sijawahi kumkuta gereji.

Benzi je? Fupi tu: E-Class ile ya macho ya mviringo, ya 1995 mpaka 2002, bodi yake inaoza kutu hata Ulaya kwenyewe. Kama huna mtu wa kukuletea spea, itazame kwa wengine.

Ukienda kununua, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, injini ya moto inaficha mengi. Iwashe mwenyewe, tazama moshi. Wa bluu ni oili, kunja shati uondoke. Weka rivasi, halafu D, ikichelewa au ikishtuka kama imepigwa teke, gia boksi hiyo. Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini, tazama pedeli ya breki na ngozi ya staringi zilivyolika. Namba ya chesisi ilingane na kadi. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari, kila kosa ni 30,000, usije ukanunua na makosa ya mtu ya mwaka mzima. Kadi ibadilishwe TRA isome jina lako, achana na habari za "tutamalizana baadaye". Na nenda na fundi wako, siyo wa dalali, hata kama nauli yake inauma.

Ile Athlete bado ipo, Nachingwea, imefunikwa turubai. Pampu imeshawekwa mpya, inawaka, tairi mbili za nyuma zimeisha. Bei inaongeleka, mwenyewe anasema hata kwa pikipiki mbili na chenji anatoa.