Msimnyime Mzee Maharage, Tazameni Saa



Mwaka jana nilimtembelea nyumbani mzee mmoja hapa Tunduma, mwenye ugonjwa wa Parkinson. Mikono yake hutetemeka, mwili umekakamaa na hatua zake ni fupi. Daktari alikwisha kumwandikia dawa iitwayo levodopa. Nilimkuta amekonda mno. Mkwewe akanieleza: "Mama, tulisikia maharage na nyama vinaua nguvu ya dawa, basi tumeacha kumpa. Anakula ugali na mboga za majani tu."

Nilisikitika, kwani walikuwa wamesikia nusu ya ukweli, na hiyo nusu ilikuwa ikimmaliza mzee wao.

Ukweli wenyewe ni huu. Katika ubongo wa mgonjwa wa Parkinson, chembe zinazotengeneza dopamini hufa polepole, na bila dopamini ya kutosha viungo haviitiki amri vizuri. Levodopa ikifika ubongoni hugeuzwa kuwa dopamini. Lakini hufyonzwa tumboni kupitia njia ileile inayotumiwa na vyakula vya kujenga mwili: nyama, samaki, dagaa, maziwa, mayai na maharage. Vikifika pamoja hugombea mlango, kama malori yetu hapa mpakani. Lori lililokwama nyuma ya foleni halijaharibika, ila limechelewa. Dawa nayo ni hivyo hivyo.

Kwa maoni yangu, kumnyima mzee vyakula hivyo ni kumwongezea ugonjwa wa pili. Misuli hulegea, huanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika huenda asisimame tena. Tunachopaswa kubadili ni saa ya kula, wala si haki yake ya kula.

Basi mgonjwa anywe dawa kwa maji, nusu saa kabla ya chakula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Asiinywe kwa chai ya maziwa. Ikimletea kichefuchefu, apewe kipande cha kiazi kitamu au uji usio na maziwa. Vidonge vya kuongeza damu navyo vipewe saa mbili mbali na dawa hii. Si kila mgonjwa husumbuliwa na maharage; lakini akionekana kukakamaa kila baada ya mlo wa mchana, mwulizeni daktari kama maharage na samaki vihamishiwe mlo wa jioni. Kiasi cha siku kisipungue. Tena apate maji ya kutosha, mapapai na mboga, maana kufunga choo huwasumbua sana wagonjwa hawa.

Sisi wa mpakani tuna mtego wetu. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mtandao wa Nakonde hubadilika yenyewe. Kengele uliyoitega kwa saa moja asubuhi italia kwetu ikiwa saa mbili, wakati mzee ameshakunywa chai ya maziwa! Tumieni saa ya ukutani, au zuieni simu isijibadilishe saa.

Dawa isikatishwe ghafla. Kuiacha kwa ghafla kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa hatari. Si kila zahanati inayo, kwa hiyo itafuteni kabla haijaisha, na mzee akienda msibani Vwawa au Mbeya abebe vidonge vyake. Asiongeze dozi kwa kubahatisha, wala asitafune mbegu za upupu kwa kusikia kwamba zina levodopa. Zinayo kweli, lakini hakuna ajuaye kiasi kilichomo katika kiganja.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu, au mzee amerogwa. Watafiti waliochunguza wakazi zaidi ya 160,000 wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitoa matokeo yao mwaka 2008: waliwapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea mwaka 1990, aliishi na ugonjwa huu kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2005. Je, naye alirogwa?

Wengine wataniambia kwamba kutunza saa ni kazi ya mgonjwa mwenyewe. Sikubali. Mtu ambaye vidole vyake haviwezi kufungua kopo la vidonge hawezi kuachiwa kazi hiyo peke yake. Kila nyumba imchague mmoja, hata mjukuu wa darasa la tano, awe mtunza saa wa babu.

Yule mzee hajapona, kwa kuwa Parkinson haijapata dawa ya kuiponya. Lakini nilipomrudia baada ya miezi mitatu alikuwa ameongezeka mwili, na jioni ile alikula maharage kwa mkono wake mwenyewe.