Kiatu cha Mlimani Hakichaguliwi kwa Macho

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami nathubutu kuongeza kwamba kiatu usichokishuka nacho mlima hujui ila yake. Nilidhani navijua viatu mpaka nilipokwenda Ukambani.

Huenda ndugu msomaji wa Pwani akauliza: sisi na viatu vya mlimani wapi na wapi? Sisi watu wa mchanga, makubadhi na ndara zatutosha, tena twazivua mlangoni. Lakini watoto wetu siku hizi wasoma na kufundisha bara, na wengine wakimbia mbio za nyika huko huko. Jambo hili limeingia nyumbani kwetu.

Mpwa wangu anafundisha katika shule moja ya Makueni, na jioni huwapeleka wanafunzi mazoezini. Alinialika nikapande naye mlima Nzaui. Kabla ya safari nilinunua Mombasa viatu vya mitumba vya kukimbilia, vyeupe, soli haijalika hata kidogo. Mpwa wangu alivitazama akasema, "Mjomba, hivi havitafika chini." Nilicheka. Tulipanda salama, lakini katika kushuka, kabla ya adhuhuri, soli ya kushoto ilifumbua kinywa kama chewa, nami nikaimaliza njia nimeifunga kwa kamba.

Kisa hiki si cha bahati mbaya tu. Kiatu cha mbio kina tabaka tatu: soli ya mpira chini, povu katikati, na kitambaa juu, na vyote hushikana kwa gundi. Gundi na povu huzeeka hata kama kiatu hakivaliwi, na joto huzidi kuvizeesha. Basi kiatu kilichokaa miaka kabatini Ulaya, kisha kikasafiri baharini ndani ya robota, chaweza kuwa kipya machoni na kikongwe tumboni.

Tena ardhi ya Kitui na Makueni haina huruma. Si matope ya milima ya Uingereza, ambako viatu vya mbio za vilimani hutengenezwa na meno marefu ya mpira laini ili ving'ang'anie majani na tope. Huku ni changarawe kavu, mwamba wenye joto na miiba ya migunga. Mpira laini huliwa upesi kama sabuni. Ukienda upande wa Chyulu, mawe yaliyotoka katika volkeno hukwangua kama tupa. Mbele ya miiba, kitambaa chepesi chenye matundu ya kupitisha hewa ni sawa na chandarua mbele ya sindano.

Niliporudi Wote nilikipeleka kiatu kwa fundi sokoni. Alikishona kwa uzi wa nailoni kuzunguka soli, kisha akakibonyeza kwa dole gumba na kutikisa kichwa. "Mzee, soli nitakushonea, lakini povu hili limekufa, nalo sina dawa yake." Pembeni yake zilitundikwa akala, ndara za tairi ambazo Watanzania huziita katambuga. Niliuliza hizo hudumu muda gani. Akajibu kwamba mteja wake hurudi kubadilisha mikanda, si soli.

Hapo ndipo nilipoiona fumbo. Akala hudumu, mwiba hauipenyi, na bei yake ni ya mkulima. Lakini ni nzito, haikunjiki, na jasho likiingia mguu huteleza ndani yake. Kiatu cha Ulaya ni chepesi na humfaa mkimbiaji, lakini huku hakidumu. Mmoja ana uhai bila wepesi, na mwingine ana wepesi bila uhai.

Na hata hivyo kudumu ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kukaa mguuni. Katika kundi la mpwa wangu nilimwona kijana mmoja aliyeazima viatu vya kaka yake, akajaza karatasi mbele. Wakati wa kupanda aliwaacha wote. Wakati wa kushuka, mguu ulikuwa ukiteleza mbele na vidole kugonga kila hatua. Chini alivua viatu, kucha mbili zimekuwa nyeusi, naye akasema kwamba wiki ile hatakimbia tena. Wiki ile ndiyo iliyokuwa ya mashindano. Hakushindwa na mtu, alishindwa na karatasi.

Kwa hiyo anayemnunulia mtoto kiatu cha mlimani akumbuke haya. Apime jioni, kwa kuwa mguu huvimba mchana. Aache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Kisigino kishikwe barabara kisipande na kushuka. Na vidole vipate upana, maana mguu uliokua bila viatu hutanuka mbele, ilhali viatu vingi vya kigeni ni vyembamba hapo.

Wako watakaosema mtoto akimbie peku, kama Abebe Bikila wa Ethiopia aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960. Ni kweli, lakini tuikumbuke habari yote. Bikila alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, na viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, ndipo akaviacha. Roma kulikuwa na mawe ya barabara, si miiba ya migunga. Na mwaka 1964, huko Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu.

Ukambani hakukosi miguu. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992. Patrick Makau, wa Machakos jirani, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011, kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Katika mji huo huo, mwaka 2023, Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya wanawake akiwa amevaa kiatu cha Adidas kilichouzwa dola 500, ambacho watengenezaji wenyewe walisema ni cha marathoni moja tu na mazoezi machache ya kukizoea. Huko ndiko dunia ya viatu inakoelekea: wepesi umepanda cheo, na kudumu kumeshushwa. Tajiri ataweza. Mtoto wa Mbooni au Mutomo atangoja kile kiatu kikichoka, ndipo kimfikie ndani ya robota.

Je, hatuwezi kujitengenezea? Mwaka 2017 kampuni ya Kenya iitwayo Enda ilianza kuuza viatu vya mbio, na baadaye kazi ya kuviunganisha ikafanywa hapa hapa Pwani. Basi mikono haikukosekana. Kinachotakiwa ni kiatu kilichotengenezwa kwa mguu wetu na ardhi yetu: mpira mgumu kama wa akala chini, meno mafupi, kitambaa kizito vidoleni, na ushoni juu ya gundi. Sisi tunaozijua kofia za mkono twaelewa: kofia hutiwa faroma ya kichwa cha mwenyewe, haitiwi ya kichwa cha jirani. Kwa nini mguu wa mtoto wetu utiwe kalibu ya mguu wa Ulaya?

Na mpaka siku hiyo ifike, shule zinazopokea magunia ya viatu vya msaada zisivigawe kwa kuhesabu vichwa, bali kwa kupima miguu. Kazi hiyo haihitaji fedha, yahitaji rula na subira. Kijana yule wa karatasi angali anakimbia, na kucha zake zimeota upya. Viatu vyangu, kwa ushoni wa fundi wa Wote, navivaa kwenda sokoni. Mlimani sivipeleki tena.