Bunduki ya Maandishi Meupe



Juma lililopita hatukuwako Pwani. Tulialikwa Homa Bay kufungisha ndoa, na kwa kuwa tulikwisha fika upande ule wa ziwa, tukashika njia ya Rongo hadi Migori kuwajulia hali jamaa zetu waliohamia huko zamani kwa biashara. Baada ya chakula, mama mwenye nyumba alisogeza kiti akatushtakia mwanawe wa kidato cha tatu.

“Maalim, huyu mtoto hapati usingizi. Usiku kucha yuko kwenye kompyuta, atengeneza bunduki. Alfajiri namwamsha kama nifufuaye maiti. Umefika leo, mwambie aache.”

Tulimwomba kijana atuonyeshe hizo bunduki. Twakiri kwamba tuliketi kando yake tukiwa na mawaidha yetu tayari kichwani.

Mchezo wenyewe waitwa Garry's Mod, wa Mwingereza Garry Newman, nao wauzwa tangu mwaka 2006. Hauna mshindi wala mwisho. Mchezaji hupewa uwanja na vitu, akajenga atakacho, kama watoto wetu wafanyavyo na mchanga wa ufuoni. Hutazama kwa macho ya mshika silaha, hata aonacho mbele yake ni mikono na mtutu. Tena yeyote ajuaye kazi aweza kuutilia mchezo kitu alichokibuni mwenyewe, na wengi hubuni silaha.

Kijana huchonga umbo la bunduki katika programu ya bure iitwayo Blender, akipima pembe kwa pembe. Kisha huandika amri kwa lugha ya Lua, iliyotungwa Brazili mwaka 1993, na jina hilo kwa Kireno ni mwezi (hili lilitufurahisha). Amri hizo zina tarakimu: risasi ngapi zikae katika magazini, muda gani upite baina ya mlio na mlio, mtutu uruke kiasi gani. Na ipo tarakimu ya madhara. Mchezaji huanza na uhai wa 100. Ukiandika 34, risasi tatu zamtosha. Kijana aliandika 34, akafuta, akaandika 20, kama mpishi aonjaye chumvi ya mchuzi.

Hatukuona uvivu pale. Tuliona hesabu, uchoraji na subira ambayo darasani kwetu huitafuta kwa fimbo. Wala si kazi isiyo na riziki: Minh Le na Jess Cliffe walianza kwa kurekebisha mchezo wa wengine mwaka 1999, ukazaliwa Counter-Strike, na kampuni ya mchezo ule wa awali ikawaajiri. Mawaidha yetu yakaanza kutupotea.

Kisha akatufungulia kazi ya juma lile. Mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alikuwa amemwagiza bunduki kwa dola 20, na kumi amekwisha kumpelekea. Masharti yalikuwa machache: iwe nyeusi, na mwili wake wote pamoja na magazini ujae majina na tarehe kwa wino mweupe. Picha ya kuigiza alimpa. Kijana alidhani ni pambo.

Tuliitambua picha ile. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, mjini Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliingia msikiti wa Al Noor, kisha ule wa Linwood, na silaha zilizoandikwa namna hiyo. Waislamu 51 walikufa, na mdogo wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu, wa jamaa ya Kisomali. Muuaji alijifunga kamera kichwani akairusha picha moja kwa moja kwa Facebook, hata walioiona walisema yafanana na mchezo: mikono na mtutu. Serikali ya huko iliipiga marufuku video hiyo. Lakini wako watu waliokwisha kuijenga upya misikiti ile ndani ya michezo ya kompyuta, ili wengine waingie na kupiga.

Tulimweleza kwa sauti ya chini. Mama yake, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, alikaa chini palepale.

“Ustadhi,” kijana akasema, “mimi ni mtengenezaji tu. Si mimi nitakayecheza.”

Hoja hiyo ni kongwe. Imam Bukhari aliifungulia mlango katika Sahihi yake, kuuza silaha wakati wa fitna, akataja kwamba swahaba Imran bin Huswain alilichukia jambo hilo. Na wanavyuoni wamejadili sana muuzaji ajuaye mnunuzi wake ataka nini. Hata Mikhail Kalashnikov, aliyebuni AK-47 ambayo kijana huyu aliiga katika kazi yake ya kwanza, alimwandikia mkuu wa kanisa lake kabla ya kufa mwaka 2013, mzee wa miaka tisini na ushei, akiuliza iwapo damu za watu ziko shingoni mwake. Tulimwambia kijana kwamba jana alikuwa hajui, na hilo Mwenyezi Mungu alijua. Leo amejua.

Mama alitutazama akingoja tumwambie aing'oe mitambo. Hatukusema hivyo. Tulimwomba jambo lililo zito zaidi kwake: aketi kando ya mwanawe mara moja kwa juma, amuulize hii ni ya nani na yafanya nini. Kompyuta ifungwe saa nne usiku. Zile dola kumi zirudishwe.

Asubuhi tukifunga mizigo, alituita tuone kitu kingine. Ilikuwa bunduki yenye mdomo mpana, ikirusha wavu kama wa wavuvi wa Homa Bay. Tarakimu ya madhara ilikuwa 0. Aliyenaswa husimama tu, hawezi kwenda, mpaka mwenzake aje amnasue. Ila wavu ulikuwa ukipenya ukuta na kuangukia upande wa pili, naye hakujua kosa liko mstari gani. Mama yake alikuwa ameketi kando yake, akimwonyesha kwa kidole mahali anapodhani.