Binti Aliyeitwa Mwami

Mwaka 1384 mjini Kraków, nchini Poland, binti mdogo aitwaye Jadwiga, asiyetimiza hata miaka kumi na miwili, alivishwa taji. Wakuu wa nchi hawakumtawaza malkia. Walimtawaza mfalme, kwa neno lile lile walilopewa wanaume. Mke wa mfalme huketi ubavuni mwa kiti. Huyu alikikalia mwenyewe, na mume akaja baadaye, mwaka 1386.

Huenda ukasema hayo ni ya Ulaya ya kale. Haya, tupande basi hadi nyanda za juu za Kigoma, kwa ndugu zetu Waha. Zamani tawala zao zilikuwa kadha: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na nyinginezo. Mtawala aliitwa Mwami. Mwaka 1946 Heru ilipata Mwami aitwaye Theresa Ntare, binti wa ukoo wa utawala. Si mke wa Mwami, bali Mwami Theresa. Wazee waliozoea kupiga magoti mbele ya wanaume sasa walimwamkia mwanamke, na ng'ombe hawakuacha kutoa maziwa! Kabla ya Uhuru akawa miongoni mwa wanawake wachache walioingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kwa sheria. Mimi siusikitikii, mtu asitawale kwa sababu ya tumbo alilotoka. Linalonisumbua ni jambo jingine la mwaka ule ule. Zilitangazwa kanuni za mirathi za kimila kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, na humo binti akawekwa daraja la tatu, yaani la mwisho. Shamba la ukoo alilime, asiliuze. Ilipofika 1990 ndipo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipoamua kwamba mama mmoja wa Kihaya alikuwa na haki ya kuuza shamba aliloachiwa na baba yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zikatamka usawa.

Sasa wewe, baba unayepumzika leo baada ya zamu za juma zima, na migomba yako iko Kasulu au Kibondo chini ya uangalizi wa kaka yako: wosia umekwisha kuandika? Na jina la binti yako limo?